Magari ya kale ya michezo: Kwa nini rangi iliyochakaa sasa yaishinda rangi mpya

Na Mwandishi Wetu

AGOSTI 2024, majaji wa maonyesho ya magari ya kale ya Pebble Beach, katika jimbo la California nchini Marekani, walitoa uamuzi ambao haukuwahi kutolewa tangu maonyesho hayo yaanze mwaka 1950. Tuzo ya juu kabisa waliipa gari ambalo rangi yake imepasukapasuka, na ambalo halijawahi kufanyiwa ukarabati wa kulirudisha katika upya wake.

Gari hilo ni Bugatti Type 59 Sports, lililotengenezwa mjini Molsheim, Ufaransa, mwaka 1934. Lilishindana katika daraja la magari yaliyohifadhiwa kama yalivyo, na kwa mara ya kwanza daraja hilo likatoa mshindi wa jumla.

Kwa miongo mingi mambo yalikuwa kinyume chake. Mshindi alikuwa gari lililofumuliwa hadi chasisi, likanyooshwa, likapakwa rangi tabaka juu ya tabaka na kung'arishwa hadi mtu akaweza kujitazama katika boneti. Mmiliki aliyeleta gari lililochakaa alionekana mtu asiye na fedha za kulitengeneza.

Uamuzi wa Pebble Beach umelipa uzito mpya swali ambalo limewagawa wapenzi wa magari kwa muda mrefu. Gari la asili ni lipi? Ni lile lililorejeshwa kama lilivyotoka kiwandani, hadi skrubu na nembo ya mwisho, au ni lile lililoachwa na kila alama iliyowekwa juu yake na wakati?

Swali hilo si la mapambo tu. Majibu yake yamepandisha na kuporomosha bei kwa mamilioni ya dola, yamefikishwa mahakamani, na yamewahi nusura kulipeleka gari la mtu asiye na hatia kwenye mashine ya kusaga vyuma.

Bugatti ya mfalme

Historia ya Bugatti hiyo inaonyesha ugumu wa jambo lenyewe. Ilianza kama gari la mbio za Grand Prix, na mwaka huohuo wa 1934 dereva Mfaransa René Dreyfus aliitumia kushinda mbio za Ubelgiji katika barabara za Spa.

Baadaye kiwanda chenyewe kiliibadili kuwa gari la michezo. Supachaja iliyokuwa ikiiongezea injini nguvu ikaondolewa, bodi ikabadilishwa, na Jean-Pierre Wimille akashiriki nayo mbio za mwaka 1937.

Kisha ikauzwa kwa Mfalme Leopold III wa Ubelgiji, ambaye katika enzi zake Kongo ilikuwa koloni la nchi hiyo. Ndiye aliyetaka ipakwe rangi nyeusi yenye mstari wa njano, na rangi hiyo ndiyo iliyo juu ya bodi hadi leo. Septemba 2020 gari hilo liliuzwa mnadani nchini Uingereza kwa zaidi ya Pauni milioni 9.5, na mkusanyaji aliyelipeleka Pebble Beach miaka minne baadaye anatoka Uswisi.

Ikumbukwe basi kuwa Bugatti iliyoshinda si Bugatti iliyotoka kiwandani mwanzoni mwa mwaka 1934. Haina supachaja yake ya awali, bodi yake si ile ya Grand Prix, na rangi yake si ya bluu ya timu za Ufaransa.

Mtu mwenye fedha angeweza kuirejesha katika hali ya siku ya kwanza, na kwa kipimo cha usahihi wa kiwanda asingelaumiwa. Lakini kwa kufanya hivyo angefuta mbio za Wimille, uamuzi wa mfalme na miaka yote iliyofuata. Majaji hawakuupa tuzo upya wa gari. Walituza historia ambayo haijakatika.

Pointi 4,510

Upande wa pili wa hoja hii una kambi kubwa na yenye nidhamu. Hao ni wamiliki wa Corvette, gari la michezo la kampuni ya Chevrolet ya Marekani, ambao chama chao cha warejeshaji, NCRS, kilianzishwa mwaka 1974.

Chama hicho hakipimi uzuri, kinapima usahihi. Kipimo chake ni gari kama lilivyokuwa siku ya kutoka kiwandani, na kwa Corvette za kale kiwanda hicho ni kile cha St. Louis, Missouri, kilichozitengeneza hadi mwaka 1981.

Gari hukaguliwa kwa jumla ya pointi 4,510. Linalopata asilimia 94 au zaidi hupewa daraja la kwanza. Anayesoma miongozo ya ukaguzi huo kwa mara ya kwanza anaweza kudhani anasoma kitabu cha upelelezi.

Majaji huangalia umbo la vibanio vya mipira ya maji, rangi ya waya, maandishi juu ya betri, mpangilio wa uzi katika viti, aina ya skrubu zinazoshika nembo, na hata alama za chaki ambazo wakaguzi wa kiwandani waliziandika kwenye chasisi. Vioo vya madirisha vina herufi ndogo zinazotaja mwezi na mwaka vilipotengenezwa, nazo husomwa.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba ubora wa kupita kiasi humpotezea mtu pointi. Bodi ya Corvette ni ya faibaglasi, na rangi iliyopulizwa kiwandani katika miaka ya 1950 na 1960 haikuwa laini kama kioo. Ilikuwa na mawimbi madogo, na mahali pengine ilipita nyembamba. Fundi wa leo anayeipaka vizuri kuliko kiwanda anahesabiwa kuwa amekosea.

Wapo wanaouona ukaguzi huo kuwa ni ushabiki wa watu waliokosa kazi. Hoja hiyo haiwatendei haki. Wakati magari hayo yalipokuwa mapya hakuna aliyeyatazama kama urithi, na kila mmiliki alibadili alichotaka. Bila watu waliokaa chini na kuandika kipi kilifungwa wapi na mwaka gani, ujuzi huo ungezikwa pamoja na wafanyakazi wa viwanda hivyo.

Mhimili uliokatwa kwa msumeno

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Corvette ya mwaka 1963. Gari hilo la paa gumu lilikuwa na kioo cha nyuma kilichogawanywa katikati kwa mhimili mwembamba wa bodi.

Mkuu wa usanifu wa General Motors, Bill Mitchell, aliupenda mhimili huo na kuupigania. Mhandisi mkuu wa Corvette, Zora Arkus-Duntov, aliupinga kwa sababu ulimzuia dereva kuona nyuma. Mwaka wa kwanza Mitchell alishinda. Mwaka 1964 mhimili uliondolewa na kioo kikawa kimoja.

Baadhi ya wamiliki wa gari la 1963, wakitaka kuona nyuma vizuri au wakitaka gari lao lionekane jipya, waliuchukulia msumeno mhimili huo, wakaukata na kufunga kioo cha mwaka uliofuata. Wakati huo hakuna aliyewaona wajinga. Walikuwa wanaboresha gari.

Leo gari la aina hiyo lililobaki na mhimili wake ni miongoni mwa Corvette zinazotafutwa sana duniani. Yalitengenezwa magari 10,594 tu ya paa gumu kwa mwaka huo mmoja, na kila msumeno ulipunguza idadi ya yaliyobaki kamili. Waliokata walitupa kitu ambacho watoto wao wangekilipia kwa bei kubwa.

Dawa iliyozaa maradhi

Hata hivyo, ujuzi huohuo uliookoa magari umefungua mlango kwa walaghai.

Tangu miaka ya 1960 injini ya Corvette hugongwa namba inayolingana na namba ya chasisi. Gari ambalo injini na chasisi vyake bado ni vile vilivyooanishwa kiwandani huuzwa kwa bei ya juu kuliko pacha wake aliyebadilishiwa injini, hata kama injini hiyo ya pili ni ya aina ileile na inafanya kazi vizuri zaidi.

Tofauti hiyo ya bei ndiyo kishawishi. Mtu hununua injini ya aina inayotakiwa, hukwangua namba iliyopo, hugonga nyingine, na kwa kazi ya siku moja hujaribu kuongeza thamani ambayo hakuifanyia jasho.

Wakaguzi nao wamejifunza kumnasa. Mashine ya kiwandani iliyosawazisha uso wa injini iliacha mistari myembamba iliyonyooka, na uso uliokwanguliwa hupoteza mistari hiyo. Aidha, kila kipande kikubwa cha chuma kina tarehe ya siku kilipomiminwa. Kipande chenye tarehe ya baada ya gari kuundwa ni ushahidi kwamba kililetwa baadaye, na chenye tarehe ya zamani mno nacho kinazua maswali.

Tatizo ni kwamba laghai husoma vitabu vilevile. Mwongozo unaomfundisha jaji nini cha kutazama unamfundisha mwizi nini cha kughushi. Leo yanapatikana madukani mazulia, nembo, vibandiko na vifuniko vya magurudumu vilivyotengenezwa upya kwa ustadi mkubwa, vingi kwa nia njema ya kuwasaidia warejeshaji, lakini havimuulizi mnunuzi anakwenda kuvifunga kwenye gari gani.

Kadiri usahihi wa kiwanda unavyoweza kununuliwa dukani, ndivyo unavyopoteza nguvu yake ya kuthibitisha jambo. Hii ndiyo sababu kubwa inayolisukuma soko kuelekea magari ambayo hayajaguswa. Skrubu mpya iliyo sahihi yaweza kutengenezwa. Kutu ya miaka sitini iliyokaa juu ya skrubu sahihi, ikiendana na kutu ya kipande kilicho jirani yake, ni vigumu kuighushi.

Ribiti zilizompokonya mstaafu gari

Madhara ya kuchezea vitu vidogo yalionekana wazi katika jimbo la Kansas, Marekani.

Mstaafu mmoja alilipa takriban Dola 50,000 kwa Corvette ya mwaka 1959 iliyokarabatiwa vizuri. Alipoipeleka kukaguliwa mwaka 2017 ili isajiliwe, maofisa wa polisi wa barabara kuu walibaini kuwa kibao chenye namba ya chasisi kiliwahi kutolewa na kurudishwa kwa ribiti zisizo za kiwandani.

Kibao kilikuwa kimetolewa wakati wa ukarabati, jambo ambalo mafundi wengi hulifanya ili kupata nafasi ya kupaka rangi. Lakini sheria ya jimbo ilitungwa kwa ajili ya wezi wa magari, na ilitaka gari lenye kibao kilichochezewa liteketezwe. Serikali haikudai kwamba mnunuzi huyo alikuwa na kosa. Hata hivyo gari lilizuiliwa.

Kesi iliendelea kwa miaka. Mwaka 2022 watunga sheria wa Kansas waliibadili sheria hiyo ili magari ya kale ambayo vibao vyao viliondolewa kwa ajili ya ukarabati yasiteketezwe, na mwaka 2023 mstaafu huyo akarudishiwa gari lake.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambako kila muuza gari hutakiwa aonyeshe kadi na namba ya chasisi kabla ya jambo lingine lolote, funzo halihitaji kufafanuliwa. Kibao na ribiti zake ndiyo hati ya utambulisho wa gari. Mrejeshaji anayeking'oa ili rangi ikae vizuri anaharibu ushahidi alioukusudia kuutukuza.

Jaji na gari lililobadilika lote

Swali la asili liliwahi kujibiwa na Mahakama Kuu ya London mwaka 1990, katika kesi ambayo hadi leo hutajwa kila linapozuka shauri la aina hiyo.

Gari lililobishaniwa lilikuwa Bentley Speed Six iitwayo Old Number One, iliyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1929 na tena mwaka 1930. Mmiliki wake alikubaliana na kampuni moja kuiuza kwa thamani ya Pauni milioni 10. Mnunuzi akageuka, akidai kwamba gari hilo si lile lililoshinda.

Hoja yake haikuwa ya mtu mlevi. Gari hilo lilibadilishwa kila msimu wa mbio. Mwaka 1932 lilifungwa injini kubwa ya lita 8, na mwezi Septemba mwaka huo likapata ajali katika uwanja wa Brooklands iliyomuua dereva wake, Clive Dunfee. Baada ya ajali lilijengwa upya.

Ushahidi ulipochambuliwa ilionekana kuwa vipande vinavyoweza kuhusishwa kwa uhakika na gari la mwaka 1930 vilikuwa vichache mno: mhimili wa pedeli, ganda la giaboksi na nguzo ya usukani. Kwa mtu wa pwani, lilikuwa kama jahazi lililobadilishwa ubao mmoja mmoja hadi hakuna aliyejua upi ulikuwa wa kwanza.

Jaji Otton hakusema gari hilo ni la asili kwa maana ya vipande vyake. Alikataa pia kuliita nakala. Alichokiona ni kwamba mabadiliko yalikuja hatua kwa hatua, gari halikuwahi kukoma kuwapo, na hakukuwa na gari lingine lililodai jina hilo. Kwa historia hiyo isiyokatika, alihukumu kwamba lilikuwa Old Number One halisi, na muuzaji akashinda kesi.

Ukiziweka pamoja hukumu ya London ya 1990 na uamuzi wa California wa 2024, unaona zinakutana mahali pamoja ingawa magari yenyewe yanatofautiana sana. Moja limebaki na karibu kila kitu chake, jingine limepoteza karibu kila kitu. Yote mawili yaliweza kueleza, mwaka kwa mwaka, yalikuwa wapi na yalifanywa nini.

Kiwanda kinapojirudia

Suala limezidi kuwa gumu baada ya viwanda vyenyewe kuingia katika mchezo huo.

Mwaka 1963 kampuni ya Jaguar ilipanga kutengeneza magari 18 mepesi ya mbio ya E-type, lakini ikakamilisha 12 tu. Mwaka 2014 ilitangaza kuyatengeneza sita yaliyobaki, na kuyapa namba za chasisi zilizotengwa tangu enzi hizo.

Miaka miwili baadaye ikafanya hivyo tena kwa aina ya XKSS. Februari 1957 moto uliunguza kiwanda cha Browns Lane mjini Coventry na kuteketeza magari tisa ya aina hiyo. Kampuni ikaamua kuyafidia magari tisa kwa magari tisa, takriban miaka sitini baada ya moto.

Je, hayo ni ya asili? Yametengenezwa na kampuni ileile, kwa vipimo vilevile, na usahihi wake wa kiwanda hauna shaka kwa sababu kiwanda ndicho kilichoyatoa. Pamoja na hayo, soko haliyahesabu sawa na yale ya 1957 na 1963. Yana kila kitu isipokuwa miaka.

Linganisha na Mercedes-Benz 300 SLR ya mwaka 1955, ijulikanayo kwa jina la mhandisi wake Uhlenhaut. Yalitengenezwa mawili tu, na kampuni ikayaweka yote mawili mikononi mwake. Mei 2022 moja liliuzwa katika mnada wa faragha mjini Stuttgart kwa Euro milioni 135, bei ambayo hakuna gari lililowahi kuifikia kabla ya hapo. Mnunuzi hakuwa na haja ya kuuliza lilikopita, kwa kuwa halikuwahi kutoka nyumbani.

Datsun ya Safari

Afrika Mashariki si mtazamaji tu katika mjadala huu. Moja ya magari ya michezo ambayo thamani yake imepanda sana, Datsun 240Z ya Japani, lilijijengea sifa katika matope na vumbi la ukanda huu.

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki kwa 240Z, huku Shekhar Mehta akiwa wa pili kwa gari la aina hiyohiyo. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, alishinda kwa 240Z baada ya kulingana pointi na Harry Källström wa Sweden. Huo ulikuwa wa kwanza kati ya ushindi wake mara tano.

Gari hilo halikuwa adimu. Lilipoanza kuuzwa Marekani bei yake ilikuwa Dola 3,526, na yalitengenezwa zaidi ya 150,000. Mengi yaliliwa na kutu, mengine yakafungwa injini kubwa, taa ngeni na bampa zisizo zake.

Ndiyo maana mambo madogo yamekuwa na bei. Magari ya mwanzo kabisa yalikuwa na matundu ya hewa katika mlango wa nyuma, na ubavuni, pembeni ya dirisha la nyuma, yakawa na nembo iliyoandikwa 240Z. Baadaye matundu yalihamishiwa ubavuni na kufunikwa kwa nembo ya duara yenye herufi Z. Anayefunga nembo ya duara kwenye gari la mwanzo amekosea, hata kama inapendeza.

Januari 2020, 240Z iliyokuwa imetembea takriban kilomita 35,000 tu na ambayo haikuwahi kurejeshwa iliuzwa mnadani Marekani kwa Dola 310,000. Hakuna aliyelipa kiasi hicho kwa uadimu wa aina ya gari. Alilipia uadimu wa gari ambalo katika nusu karne hakuna fundi aliyeliboresha.

Lakini hapa ndipo mizani ya kiwanda inapokwama. Gari lililokimbia Safari halikuwa gari la kiwandani hata siku ya kuanza mbio. Lilikuwa limeimarishwa chini, limeongezwa taa, limefungwa vyuma vya kulikinga na mawe, na lilifika mwisho likiwa na mibonyeo ambayo ndiyo kumbukumbu ya njia lilikopita. Kulirejesha liwe kama lilivyouzwa dukani ni kulinyang'anya Safari.

Mvutano huohuo unaonekana katika mashindano ya Safari ya magari ya kale yaliyoanzishwa mwaka 2003, ambako Porsche 911, Ford Escort na Datsun za zamani hurudi barabarani. Ili zihimili njia, lazima ziimarishwe, na kila zinapoimarishwa zinazidi kwenda mbali na kiwanda. Wenye magari hayo wamechagua matumizi badala ya usahihi, na hawajafanya kosa, mradi wasije kesho wakayauza kwa jina la yasiyoguswa.

Ukweli kabla ya usahihi

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilijaribu kuweka utaratibu kwa kupitisha Mkataba wa Turin mwaka 2012. Mkataba huo unatanguliza kuhifadhi kuliko kurejesha, unataka kila kazi iandikwe, na unashauri vipande vipya viwekewe alama ili kizazi kijacho kisidanganyike.

Kiini chake kinaweza kufuatwa hata katika gereji isiyo na umeme wa uhakika. Piga picha kabla ya kufungua. Hifadhi kipande kilichotolewa, hata kama kimevunjika. Usipake rangi mahali ambapo rangi ya zamani bado inalinda chuma. Usiguse kibao cha namba. Tunza stakabadhi na vitabu vya matengenezo pamoja na kadi ya gari.

Hayo ni muhimu zaidi kwa nchi kama Kenya, Uganda na Tanzania, ambako gari la kale limeponea kwa ubunifu wa fundi kuliko kwa spea za kiwandani. Bomba lililotengenezwa Gikomba mwaka 1975 kwa sababu la Japani halikupatikana si aibu ya gari hilo. Likielezwa kwa ukweli ni sehemu ya historia yake. Likifichwa chini ya bomba jipya linaloiga la kiwandani, kilichopotea ni ushahidi wa jinsi gari hilo lilivyoishi.

Nairobi, kwa miongo kadhaa sasa, imekuwa na maonyesho yake ya magari katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambako usafi na mng'aro wa gari una uzito mkubwa katika hesabu. Huenda umefika wakati wa kuuliza kama gari lililokimbia Safari, likabaki na mibonyeo yake na jina la fundi wake, halistahili nalo daraja lake.

Wanaotetea usahihi wa kiwanda wana haki ya kuendelea na kazi yao, kwani bila wao hakuna ambaye angejua mhimili wa 1963 ulikaaje au nembo ya 1970 ilifungwa wapi. Kosa linaanza pale usahihi unapogeuzwa ushindani wa kununua vipande, na gari lenye historia likafumuliwa ili kufanana na picha ya siku moja tu ya maisha yake.

Gari lililochakaa linaweza kupakwa rangi mpya wakati wowote, mwaka huu au miaka ishirini ijayo. Lakini rangi aliyoichagua Mfalme Leopold, au mbonyeo ulioachwa na jiwe la njia ya Safari, ukishakwanguliwa na kunyooshwa hakuna kiwanda kitakachouuza tena. Mmiliki anayemkabidhi fundi funguo anapaswa kulijua hilo kabla msasa haujagusa bodi.